Bega Husema Kabla ya Kinyoya: shajara ya mradi, Februari hadi Mei 2025

Jumamosi, 8 Februari

Tumeanza mradi wetu wa mpira wa vinyoya, yaani badminton, ambao hupigwa kinyoya kwa raketi badala ya mpira. Watoto 14, mdogo wao ana miaka 9 na mkubwa 13, wengi wa mitaa ya Kaloleni, Makongeni na Jericho hapa Nairobi, na watatu wanaokuja kutoka Pumwani. Ukumbi ni wa mtaa, si mbali na Barabara ya Jogoo: paa la mabati, madirisha ya juu, sakafu ya saruji iliyochorwa uwanja mmoja kwa rangi nyeupe. Nimeupima upya kwa utepe kabla watoto hawajafika. Urefu mita 13.40, upana 6.10, wavu mita 1.524 katikati. Uwanja uko sawa, kwa hiyo lolote litakaloharibika sitausingizia.

Watoto hawa kupiga wanajua. Nikisimama karibu na wavu nikawarushia kinyoya kwa mkono, kimoja kimoja, wanakirudisha bila tabu. Ikianza mechi mambo hubadilika: kinyoya kimeshafika, raketi bado iko kiunoni. Watu huwaita watoto wa namna hii wazito wa mkono, nami nimelitumia neno hilo mara nyingi. Mradi huu ni wa wiki 12, Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, na swali lake ni moja: uzito huo uko wapi hasa? Mkononi, mguuni, au machoni?

Majina ya watoto siandiki. Wazazi waliomba hivyo, na ni haki yao.

Kipimo cha kwanza ni rula ya sentimita 30. Naishika juu ikining'inia, mtoto anaweka kidole gumba na cha shahada kwenye sifuri bila kuigusa, naiachilia bila kusema neno, anaikamata. Rula huanguka kwa mwendo ule ule siku zote, kwa hiyo palipokamatwa panatoa muda: sentimita 18 ni sekunde 0.19, sentimita 27 ni sekunde 0.23. Mtu mzima akiona kitu na kuitikia kwa kidole huchukua karibu sekunde 0.2 hadi 0.25. Watoto huwa nyuma kidogo ya hapo, na wepesi huo huongezeka wenyewe kadiri wanavyokua. Kila mtoto anapimwa mara tano, nachukua jibu la katikati.

Wa kwanza leo ni kijana mwembamba wa Gredi ya 6: sentimita 18. Wa mwisho ni binti wa shoto wa miaka 10, mpole, anayekuja kila mara amemshika mdogo wake mkono: sentimita 27. Kwa maneno ya rula, huyo kijana ndiye mwepesi wetu. Lakini uwanjani ndiye aliyekosa vinyoya vingi kuliko wote. Nimeliandika hilo kando ya daftari na kulipigia mstari.

Jumatano, 12 Februari

Nusu ya niliyoandika Jumamosi kuhusu uwanjani nimeifuta. Vinyoya vilikuwa vibaya.

Vya manyoya halisi, vile vyenye manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye koki, havimalizi saa moja mikononi mwa wanaojifunza, kwa hiyo tunatumia vya nailoni. Duka nililonunulia mjini lilinipa vyenye ukanda mwekundu, nami nikavipokea bila kuangalia. Ukanda ule ndio unaotaja mwendo: kijani ni cha polepole, buluu cha wastani, nyekundu cha kasi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na kinyoya huishi kwa kuzuiwa na hewa. Chekundu hapa kwetu hakipungui mwendo inavyopaswa. Watoto walikuwa wanakimbizana na kitu ambacho hata mimi kingenipita.

Kocha mwenzangu anayenisaidia Jumatano alisimama juu ya mstari wa nyuma akavipiga kutoka chini kwa nguvu zote, vile kanuni inavyotaka. Kinyoya cha mwendo sahihi hutua ndani ya mstari wa nyuma wa upande wa pili, kati ya milimita 530 na 990 kabla ya kuufikia. Vyekundu vyote sita vilitoka nje. Tumepata vya kijani kwa kuazima, vikatua ndani.

Wenzetu wa tenisi wanalijua jambo hili vizuri: kanuni zao zina mpira wa pekee kwa mahali palipo juu ya mita 1,219. Na kwa watoto wamekwenda mbali zaidi. Wana mpira mwekundu ambao mwendo wake umepunguzwa kwa asilimia 75, wa rangi ya chungwa kwa asilimia 50, wa kijani kwa asilimia 25, na tangu 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini hayachezwi tena kwa ule wa njano wa kawaida. Mtoto anapewa muda kwanza, kasi inafuata. Napenda sana mpangilio huo.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki mbili za kukamata: rula, vifuniko vya soda vinavyoachwa kutoka juu, mpira wa tenisi unaodondoshwa kutoka begani na kudakwa kabla haujadunda mara ya pili. Watoto wanapenda. Rula zimeshuka karibu zote. Binti wa shoto yuko kwenye 21, yaani sekunde 0.21.

Halafu mdogo kuliko wote, wa miaka 9, akakamata kwenye sentimita 9. Hiyo ni sekunde 0.14. Nikarudia, akakamata kwenye 10. Nilijua kuna jambo, maana hakuna mtoto wa umri ule anayeona na kuitikia kwa muda mfupi hivyo. Nikamchuchumalia nikamuuliza anafanyaje. Akajibu bila kuficha kitu:

"Kocha, ukucha wako hugeuka rangi kwanza."

Nikaangalia kidole gumba changu. Nikiibana rula, ncha ya ukucha huwa nyeupe. Nikianza kulegeza, damu inarudi, ukucha unakuwa mwekundu, kisha ndipo rula inaanguka. Mtoto huyu hakuwa anaitazama rula hata kidogo. Nikafunika vidole kwa kitambaa, akakamata kwenye 22, sawa na wenzake.

Jioni nimekaa na daftari kwa muda mrefu. Rula zimeshuka kwa karibu wote, lakini uwanjani sioni tofauti ya maana. Sababu moja naijua: rula inauliza swali moja tu, imeanguka au haijaanguka. Uwanjani kinyoya kinaweza kwenda mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto, au kifuani. Mwingereza William Hick alionyesha mwaka 1952 kwamba machaguo yakiongezeka, muda wa kuitikia huongezeka nayo. Kila yanapozidi mara mbili, kichwa kinadai nyongeza ile ile tena. Kwa hiyo nimekuwa nikizoesha kidole kujibu swali rahisi, kisha ninamshangaa mtoto akishindwa na swali gumu. Lakini la ukucha ni kubwa kuliko hilo. Yule mdogo alilipunguza swali kabla halijaulizwa.

Jumamosi, 8 Machi

Hii ndiyo siku ya mradi wote, na imetokea nje ya ukumbi.

Mzee mwenye funguo alichelewa. Watoto hawakungoja; wakavua sweta, wakafungafunga mpira wa makaratasi na soksi kuukuu, wakaanza kati kwenye vumbi mbele ya mlango. Kwa asiyeujua mchezo huu (wenzetu wa Tanzania huuita rede): wawili wanasimama ncha mbili wakirushiana mpira, wa katikati anakwepa. Ukigongwa umetoka.

Binti wa shoto, yule wa mwisho kwenye rula siku ya kwanza, hakugongwa. Nilisimama dakika 20 nzima na hakugongwa. Warushaji walikuwa wavulana wakubwa wa miaka 13, mita nne au tano tu kutoka kwake, wanarusha kwa hasira kabisa, na yeye anaondoka mahali pale mapema, bila papara, kama anayempisha mtu njiani. Mpira unapita palipokuwa na mbavu zake. Mara nyingine aliinama wakati mkono wa mrushaji ulikuwa bado uko nyuma ya kichwa.

Nikamwita kando.

"Unajuaje unakokuja?"

"Naangalia bega, Kocha."

"Kwa nini si mpira?"

"Mpira ukishaachiliwa umechelewa." Akafikiri kidogo. "Mkono wanadanganya nao. Bega hawakumbuki kudanganya nalo."

Mzee akafika, tukaingia, nikampa raketi na kumweka upande wa pili wa wavu mbele ya mvulana yule yule aliyekuwa akimrushia. Akawa mzito. Raketi kiunoni, macho yamekwama kwenye kinyoya, anaanza kusogea kikiwa kimeshavuka wavu. Nikamuuliza mbona sasa haangalii bega. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si wewe husema tutazame kinyoya?"

Ni kweli. Nimelisema kila siku ya mazoezi, kwa kila kundi, miaka yote niliyofundisha. "Macho kwenye kinyoya!" Na mtoto mtiifu amelifuata neno langu mpaka ameuacha ujuzi alioupata mwenyewe mtaani. Nimewaomba radhi wote leo kabla ya kuwaruhusu kwenda, nikawaeleza kwa nini. Neno lenyewe si la kutupa, maana wakati wa kupiga ni lazima ukitazame kinyoya mpaka kiguse nyuzi. Lakini kabla mwenzako hajapiga, kinyoya hakina habari yoyote ya kukupa. Habari iko mwilini mwake.

Mmoja wa wakubwa akaniuliza juu ya ile smashi, yaani pigo la nguvu la kushusha kinyoya, ya kilomita 565 kwa saa, ya Satwiksairaj Rankireddy wa India, iliyopimwa Japani mwaka 2023. Swali lake lilikuwa zuri: mtu hurudishaje kitu kama hicho? Tukapiga hesabu chini kwa chaki. Kilomita 565 kwa saa ni mita 157 kwa sekunde. Kama kinyoya kingeendelea na mwendo huo, uwanja mzima wa mita 13.40 kingeumaliza kwa sekunde 0.09 hivi, chini ya nusu ya muda wa kushika rula. Kwa bahati kinyoya hakifiki hata gramu sita na hewa hukikamata mara moja, ndiyo maana kinafika kikiwa kimechoka. Hata hivyo hakuna anayesubiri kukiona ndipo aanze. Aliyepo upande wa pili ameshajua nusu ya jibu kabla ya mlio.

Jumamosi, 15 Machi

Ramadhani imeingia, na watoto watatu wanafunga. Jumatano jioni nimeisimamisha mpaka Idi, na wao hawapimwi chochote kwa sasa. Kupima wepesi wa mtoto mwenye njaa si haki kwake wala kwa daftari.

Leo tumeanza zoezi la simu. Nilimrekodi kocha mwenzangu akipiga mara 20 kutoka mahali pamoja, simu ikiwa imesimama palipo na macho ya mpokeaji. Video ina picha 60 kwa sekunde. Kila pigo nimelikata pale pale raketi inapogusa kinyoya. Mtoto anatazama, picha inasimama, anaonyesha pembe moja kati ya nne nilizochora chini. Akibahatisha tu, atapata kama tano kati ya 20.

Binti wa shoto alipata 13. Wengi walikuwa sita, saba. Kijana wa rula, yule mwembamba wa Gredi ya 6, alipata tano.

Kisha nikabandika karatasi kwenye kioo cha simu kufunika mkono wa mpigaji, nikiacha raketi tu. Binti akashuka mpaka saba, akalalamika kwamba nimemfunga macho. Wengine hawakushuka sana, kwa sababu mkono hawakuwa wakiutumia. Ujanja huu si wangu. Watafiti Abernethy na Russell waliufanya mwaka 1987 kwa mpira huu huu wa vinyoya, wakikata filamu na kufunika viungo, na walikuta kwamba wachezaji hodari husoma mkono pamoja na raketi, wanaoanza husoma raketi peke yake. Kuona jambo hilo likijitokeza kwenye kioo kilichopasuka pembeni, mbele ya watoto waliokaa sakafuni Jogoo Road, kumenigusa sana.

Jumamosi, 22 Machi

Simu tena. Kila mtu anapanda. Kijana wa rula yuko kwenye 11.

Jumamosi, 29 Machi

Kijana wa rula: 14. Amempita binti. Uwanjani bado anakosa. Nimeanza kukosa usingizi kwa ajili yake, maana ana bidii kuliko wote na havunjiki moyo.

Jumatano, 2 Aprili

Wa Pumwani wamerudi na mahamri ya Idi, ya wote. Tumekula kwanza.

Leo ni miguu. Mchezaji wa raketi, iwe tenisi, skwoshi au mpira wa vinyoya, hasimami kusubiri. Mwenzake anapokaribia kupiga, yeye hujinyanyua kidogo tu, nyayo zikiachana na sakafu kwa kimo cha vidole viwili, na hutua mara baada ya pigo. Anatua magoti yamelegea, uzito uko mbele ya nyayo, tayari kusukuma upande wowote. Niliwaonyesha kwenye simu mchezaji wa tenisi Angella Okutoyi akipokea sevu, pigo la kuanzisha, wakataka kuitazama tena na tena. Wote wanamjua: mtoto wa Nairobi aliyetwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Niliwaambia wauache mpira, wahesabu miguu. Kila sevu, kabla ya kila kitu, ule mruko mdogo upo.

Kuufundisha kwa maneno kulinishinda. Nilisema "ruka anapopiga", wakaruka wamechelewa. Nikasema "ruka kabla", wakaruka mapema mno, wakatua wakaganda kama nguzo. Ndipo wasichana wawili walipochukua ile kamba ya mpira, blada, wakasema hili ni jambo la blada tu. Unaitazama kamba, unajinyanyua inapokuja, si inapofika. Kuanzia hapo neno likawa lao: "Weka blada!" Mmoja anapiga, aliye kando anaita, mpokeaji anajinyanyua. Dakika 15 zilitosha kwa wengi wao.

Nimehesabu picha za video za binti wa shoto. Kutoka raketi ya mpigaji hadi kinyoya kumfikia: picha 40, yaani sekunde 0.67. Bila mruko, mguu wake wa kwanza ulisogea kwenye picha ya 24, sekunde 0.40. Pamoja na mruko na macho begani, picha ya 16, sekunde 0.27. Picha nane ni sekunde 0.13. Wiki mbili zote za rula zilimpa sekunde 0.03.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Ilianza tukiwa tumeshapasha misuli, kidogo kidogo, kisha ikamwagika juu ya mabati hata nikawa napiga kelele mbele ya uso wa mtoto na hanisikii. Nilitaka kusimamisha. Nikaacha waendelee kwa ishara za mikono, na baada ya dakika chache nikaona kitu ambacho nisingekipata kwa njia nyingine.

Watoto watano waliokuwa wanakwenda vizuri wakaharibika ghafla. Wakawa wanachelewa kama Februari. Wengine hawakubadilika hata kidogo, na binti wa shoto alikuwa miongoni mwao.

Nilimpeleka mmoja wa wale watano mlangoni, nikamuuliza sikioni nini kimepotea. Akasema: "Sisikii pa." Anamaanisha mlio wa raketi. Kumbe walikuwa wamejifunza kuanzia kwenye sauti. Si upumbavu, mwili wa binadamu huitikia sauti mapema kuliko anachokiona, tofauti ya kama sekunde 0.04, na mtoto huipata njia hiyo bila kufundishwa. Lakini sauti inatoka baada ya kinyoya kupigwa, na haisemi kinakwenda wapi. Wao walikuwa wanajua lini, hawajui wapi. Bega na kiwiko hutaja vyote viwili, na mapema zaidi.

Kwa hiyo hao watano wana kazi yao: Jumamosi watacheza na pamba masikioni, michezo mifupi ya pointi tano. Mvua imenifanyia kipimo ambacho sikujua kukiuliza.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo naandika juu ya kijana wa rula peke yake.

Nilikaa jana usiku na namba zake. Rula, wa kwanza. Simu, wa kwanza. Uwanjani, wa mwisho. Nimekuwa nikitafuta kosa kwenye mkono wake, kwenye miguu, hata nikafikiri ni woga wa mechi. Halafu nikajiuliza rula iko umbali gani kutoka usoni. Na simu je? Zote ni urefu wa mkono. Mpigaji wa upande wa pili yuko mita nane au tisa.

Asubuhi nilimsimamisha kwenye mstari wa nyuma, nikaenda upande wa pili, nikainua vidole vitatu kimya kimya. Akakunja macho. "Viwili?" Nikasogea mpaka kwenye wavu. "Vitatu."

Mama yake anauza mboga asubuhi, kwa hiyo nilimfuata baada ya mazoezi.

"Mama, kijana wako si mzito. Nadhani haoni mbali."

"Mwalimu, huyu husoma mpaka usiku. Macho yake ni mazima."

"Karibu anaona vizuri mno, ndiyo maana sote hatukugundua. Darasani hukaa wapi?"

Akanyamaza. "Mbele. Hulilia kukaa mbele."

Shule zimefunga, kwa hiyo siku zipo. Watakwenda kupimwa wiki hii. Wazazi wawili wa kundi letu wamejitolea kuchangia, na nimemwambia mama asilibebe jambo hili peke yake.

Nimeongeza kipimo kipya kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya rula: vidole, kutoka mita tisa, jicho moja moja. Dakika tano kwa kundi zima. Wiki tisa zimepita bila mimi kukifanya, na kwa wiki hizo zote mtoto alikuwa akiambiwa aongeze bidii.

Jumamosi, 26 Aprili

Mechi ya kirafiki na watoto wa upande wa Parklands, wanaocheza kila siku kwenye sakafu ya mbao. Tumepoteza 9 kati ya 14. Matokeo hayanisumbui. Niliketi kwenye ngazi na kuhesabu jambo moja: ni mara ngapi raketi yetu iko juu ya kiuno kinyoya kinapovuka wavu. Mwezi wa pili ilikuwa nadra. Leo nilichoka kuhesabu.

Shida mpya imejitokeza, nayo ni ya ngazi ya juu. Msichana mmoja wa kwao anazungusha bega kama anayetaka smashi, halafu kifundo cha mkono kinalegea mwishoni na kinyoya kinadondoka nyuma ya wavu. Binti wa shoto aliamini bega mara sita, na mara sita alikuwa amerudi nyuma bure. Baada ya mechi hakulia, alikwenda moja kwa moja kumwomba yule msichana amwonyeshe mkono wake. Wakakaa chini wawili, raketi mapajani. Nimewasikia wakijadili kifundo cha mkono kwa umakini ambao sijawahi kuwapa mimi. Awamu ijayo ya mradi itaanzia hapo: kusoma viungo viwili, si kimoja, na kutoamua mapema kuliko inavyohitajika. Anayeanza kukimbia mapema mno naye ni mzito, kwa namna nyingine.

Wale watano wa sauti: watatu wamehamia kwenye macho, wawili bado. Wanaendelea na pamba.

Jumamosi, 3 Mei

Wiki ya 12. Rula nimeipima kwa desturi tu. Wamebaki pale walipokuwa Machi, na sioni sababu ya kuipima tena msimu ujao.

Kijana wa rula amekuja na miwani, fremu nyeusi, nyuma imefungwa kwa ukanda wa raba ambao mama yake ameushona mwenyewe isidondoke akiruka. Alisimama kwenye mstari wa nyuma akamtazama kila mtu ukumbini kwa zamu, kwa muda, bila kusema. Nikampa binti wa shoto kinyoya aanzishe.

Cha kwanza alikiacha kipite. Hakuinua hata raketi. Nilidhani ameduwaa, nikamwita.

"Ngoja, Kocha," akasema. "Sikujua kinazunguka."

Nikamwambia binti ampigie kingine kile kile, juu na polepole. Akakifuata kwa macho kutoka kwenye nyuzi za mwenzake, juu karibu na mabati, mpaka kikaanza kushuka, na safari hii miguu yake ilikuwa imeshaweka blada.